Ngoma, Kengele na Kitabu

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Chanzo chake ni katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hushuka upande wa mashariki hata nchi kavu ya Garissa, kisha hugeuka kusini kuifuata bahari. Ukaribiapo mwisho wa safari yake hupita Garsen, na kutoka hapo maji yake hutawanyika katika bonde pana lenye mabwawa, malisho, mashamba ya mpunga na migomba. Garsen ni njia panda. Barabara itokayo Malindi kwenda Lamu huvuka mto karibu na mji huo, na njia ya Garissa huikuta hapo. Wapokomo walimao kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wafugao ng'ombe nyikani, Waswahili wa Kipini na Ozi, na jamaa wengine wengi, hukutana hapo kuuza, kununua na kuulizana habari.

Kuulizana habari si jambo dogo. Salamu ya Kiswahili yenyewe ni swali la kutaka habari. Mtu asiyejua mafuriko yamefika wapi hupoteza shamba. Asiyejua adui yu wapi hupoteza maisha. Na asiyejua wazee wake waliamua nini hupoteza njia. Leo tuna magazeti, redio na simu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba watu waliotutangulia waliishi katika kimya. Dhana hiyo si ya kweli. Walikuwa na vyombo vya habari vichache, lakini kila chombo kilikuwa na mlinzi wake, wakati wake na sheria yake. Chombo kilikuwa amana. Insha hii itaonyesha jambo hilo kwa kuweka pamoja mambo ya namna mbili ambayo kwa kawaida hayawekwi pamoja: desturi za Wakristo wa Zama za Kati, na historia ya watu wa Tana.

Zama za Kati ni jina ambalo wanahistoria wameupa muda wa kama miaka elfu moja, tangu kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi katika karne ya 5 mpaka karne ya 15. Katika muda huo Wakristo wengi wa Ulaya hawakujua kusoma. Dini yao ilikuwa dini ya kitabu, lakini kitabu chenyewe kiliwafikia kwa sikio na kwa jicho. Mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia barua Serenus, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani kwa hofu kwamba watu wangeziabudu. Gregori alimkataza kuvunja, akamweleza kwamba picha kwa asiyesoma ni kama maandishi kwa asomaye. Basi kuta zikachorwa, madirisha yakatiwa vioo vya rangi, na mtu wa shamba aliyeingia kanisani alisoma kwa macho habari za Nuhu, za Daudi na za Masihi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta Ukristo wa Zama za Kati. Afrika ya Mashariki ilikuwa nao. Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea katika karne ya 4, na tangu siku hizo Kanisa la Uhabeshi limeandika vitabu vyake juu ya ngozi kwa lugha ya Gi'izi. Makanisa na watawa wa huko walitumia kengele za mawe: vipande virefu vya jiwe vilivyotundikwa na kupigwa ili kuwaita watu kwenye sala. Ndani ya ibada walipiga ngoma kubwa na kutikisa kayamba za chuma, na mapadri wakacheza kwa adabu mbele ya Mungu wao. Ngoma haikuwa adui wa Ukristo huo. Ilikuwa mtumishi wake.

Nchi hiyo na bonde la Tana zina uhusiano. Waorma ni wa jamii kubwa ya Waoromo, ambao wengi wao wako Uhabeshi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliishi Uhabeshi kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844, na huko alikusanya vitabu vya kale vya ngozi na kuvipeleka Ulaya. Alipofukuzwa asiweze kuwafikia Waoromo kwa njia ya kaskazini, alitumaini kuwafikia kwa njia ya pwani. Tumaini hilo waliliridhi Wamethodisti wa Kiingereza waliofuata ushauri wake, na mwaka 1885 walijenga kituo Golbanti, upande wa chini wa Garsen, kwa nia ya kuwahubiria Waorma. Mwaka uliofuata John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo pamoja na watu wengine katika shambulio la Wamaasai. Mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika, wakafanya kazi yao Ngao, si mbali na Golbanti. Hivyo ndivyo kengele na kitabu vya Wakristo vilivyofika katika bonde ambalo tayari lilikuwa na sauti yake.

Natuitazame kwanza sauti. Katika Ulaya ya Zama za Kati kengele ilikuwa gazeti na saa ya mji. Iliwaamsha watawa kwa sala ya usiku, iliwatangazia watu ndoa na vifo, ilipiga mbiu ya moto na ya vita. Kwa kuwa kila mlio ulikuwa na maana yake, mtu hakuruhusiwa kuipiga apendavyo. Kengele ilibarikiwa na askofu, ikapewa jina kama mtu, na mpigaji wake alijulikana. Wahenga wa pwani yetu walilifahamu jambo hilo waliposema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pate ilikuwa na siwa yake ya pembe za ndovu, na Lamu siwa yake ya shaba. Nazo hazikupulizwa na yeyote, bali kwa heshima ya watawala na wenye daraja. Huko Mombasa, mahali paitwapo Kengeleni pamepata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa.

Wapokomo nao walikuwa na ngadzi. Ngadzi ni ngoma kubwa iliyochongwa katika gogo na kuwambwa ngozi, ambayo uvumi wake ulisikika mbali. Haikuwa ngoma ya harusi wala ya mchezo wa jioni. Ilihifadhiwa mahali pa siri chini ya ulinzi wa wazee, na wachache tu walikuwa na ruhusa ya kuiona. Ilipolia, watu walijua kwamba aliyesema si mtu mmoja bali ni kabila zima. Msomaji akitaka mfano wa kengele ya kanisa kuu la Zama za Kati asiende mbali: ngadzi ilifanya kazi ileile ya kuwakusanya watu, kuwatia adabu na kuwakumbusha kwamba wao ni umoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliitwaa ngadzi, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum mjini London. Huko imewekwa ghalani miaka zaidi ya mia moja. Ni vigumu kudhani kwamba walioitwaa hawakujua walifanya nini. Atakaye kutawala watu huanza kwa kuwanyamazisha.

Zama za Kati zina kisa kinachofanana na hicho. Wanatarikhi wa Hispania wamesimulia kwamba mwaka 997 jemadari Al-Mansur wa Cordoba aliushambulia mji wa Santiago de Compostela, ambao Wakristo wa Ulaya walihiji kwa maelfu. Alizing'oa kengele za kanisa lake, mateka wa Kikristo wakazibeba mabegani hadi Cordoba, na huko zikafanywa taa za msikiti. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu aliiteka Cordoba, akaamuru kengele zirudishwe kwao. Na safari hii waliozibeba walikuwa mateka wa Kiislamu. Kengele zilikuwa ugenini miaka 239. Katika muda wote huo hazikusahauliwa, kwa maana mtu husahau mali aliyopoteza, lakini hasahau sauti iliyomwita kwa jina. Kisa hicho kina onyo pia: kengele zilirudi, lakini zilirudi juu ya mabega ya watu wengine waliodhiliwa, na kwa hiyo uadui haukurudi nazo kaburini. Amana hurudishwa vema zaidi kwa mapatano kuliko kwa kisasi.

Sasa tutoke kwenye sauti twende kwenye maandishi. Kabla ya mashini ya chapa, kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Biblia iitwayo Codex Amiatinus, iliyoandikwa na watawa wa kaskazini mwa Uingereza kabla ya mwaka 716, ina kurasa zaidi ya 2,000, na kila ukurasa ni ngozi ya mnyama iliyolowekwa, ikakwanguliwa, ikanyoshwa na kukaushwa. Mwandishi aliharibu macho na mgongo wake kwa kazi hiyo. Hali ilibadilika Johannes Gutenberg alipochapa Biblia mjini Mainz karibu na mwaka 1455. Hata hivyo yakisiwa kwamba nakala alizotoa zilikuwa kama 180 tu.

Pwani ya karibu na mlango wa Tana pia ilikuwa nchi ya vitabu vya mkono. Magofu ya Ungwana, pamoja na misikiti yake, yanashuhudia mji wa Kiislamu uliostawi hapo zamani. Huko Pate, mwaka 1728, Mwengo bin Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu; nao wasimulia vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi ya mashariki. Yafaa msomaji alifikiri jambo hilo: mfalme Mkristo aliyetawala Constantinople katika karne ya 7 alikuwa akitajwa kwa jina katika mabaraza ya pwani zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla mmisionari wa kwanza hajapanda mtumbwi kwenda Golbanti. Habari zilisafiri kwa jahazi na kwa kumbukumbu, nazo zilifika.

Lakini kitabu kisichoeleweka ni sanduku lililofungwa. Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa la magharibi, na watu wengi hawakukijua. Kwa sababu hiyo baraza la maaskofu lililokutana Tours, katika Ufaransa ya sasa, mwaka 813, liliagiza kwamba mahubiri yafasiriwe kwa lugha ya watu wa kawaida, iwe ile ya Kirumi ya mashambani au ile ya Kijerumani, ili wote wapate kufahamu. Hilo lilikuwa neno la hekima. Walakini si wakubwa wote walilipenda. Katika miaka ya 1380 wafuasi wa John Wycliffe waliifasiri Biblia kwa Kiingereza, na mwaka 1409 sheria ya kanisa la Uingereza ikakataza tafsiri zisizopata idhini. Kisa chake ni wazi: mwenye ufunguo wa lugha ndiye mwenye ufunguo wa mamlaka, naye si mwepesi kuutoa.

Huko Ngao ufunguo ulitolewa. Mmisionari Ferdinand Würtz alijifunza Kipokomo, akaandika sarufi na msamiati wake vilivyochapwa Ujerumani katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya likasomwa kwa Kipokomo. Kwa kazi hiyo yastahili kumshukuru. Lakini mgeni hawezi kuandika sarufi ya lugha pasipo mwenyeji wa kumsahihisha. Kila neno lililoingia katika vitabu hivyo lilitoka kwanza katika kinywa cha Mpokomo, mwanamume au mwanamke, aliyeketi, akarudia, akacheka kosa la mgeni na kumfundisha tena. Watu hao hawakutajwa juu ya jalada. Nao wanafanana na waandishi wengi wa Zama za Kati waliomaliza kitabu kizima bila kuandika jina lao. Historia ya mawasiliano imejaa watumishi wasiojulikana, na heshima ya kwanza tuwezayo kuwapa ni kukumbuka kwamba walikuwako.

Chombo cha tatu ni wimbo, nacho ni chepesi kuliko vyote kubeba. Katika Zama za Kati nyimbo za ibada zilihifadhiwa kichwani, na mwimbaji alihitaji miaka mingi kuzijua. Mtawa wa Kiitalia aitwaye Guido wa Arezzo, aliyeishi katika karne ya 11, alitengeneza njia ya kuandika sauti juu ya mistari na kuzipa majina yaliyotoka katika silabi za wimbo wa ibada. Kwa njia hiyo kijana aliweza kuimba wimbo ambao hakupata kuusikia. Mistari ile ya Guido, iliyozidishwa na kusahihishwa na waliomfuata, ndiyo hutumika hata leo.

Mistari hiyo ilifika Tana mwaka 1963. Kenya ilikuwa yakaribia uhuru, nayo ilihitaji wimbo wa taifa. Kamati ya watu watano iliteuliwa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliuchagua mwimbo wa kubembelezea mtoto ambao mama wa Kipokomo waliuimba, na aliyewaimbia ni Meza Morowa Galana, mtu wa Tana. Waliuandika kwa noti, wakautungia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza yaliyo sala ya taifa, na bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, sauti ya mama wa Tana ilipigwa kwa matarumbeta. Waimbaji wa kanisa wa Zama za Kati wangeifahamu kazi hiyo mara moja, kwani na wao walikuwa na mazoea ya kuchukua sauti iliyojulikana na kuivika maneno mapya.

Hapa msomaji asimame kidogo apime. Sauti mbili zilitoka katika bonde la Tana. Ya kwanza ni ngadzi: ilitwaliwa kwa nguvu, ikapelekwa mbali, nayo imenyamaza. Ya pili ni wimbo wa mtoto: uliombwa, ukatolewa kwa hiari, na sasa unaimbwa na mamilioni ya watu, wala Wapokomo hawakupungukiwa na kitu. Tofauti ya sauti hizo si ukubwa wake, maana ngadzi ni kubwa na mwimbo wa mtoto ni mdogo. Tofauti ni kwamba moja iliheshimiwa kama amana na nyingine haikuheshimiwa.

Liko jambo la mwisho, nalo ni chungu. Chombo kichukuacho kweli chaweza kuchukua uongo. Mwaka 1348 tauni kubwa ilipoenea Ulaya, uvumi ulisambaa kwamba Wayahudi walitia sumu visimani. Katika ngome ya Chillon watu waliteswa mpaka wakaungama jambo ambalo hawakulitenda, na maungamo hayo yakapelekwa kwa barua katika miji mingine, Strasbourg ukiwa mmoja wao. Papa Klementi wa Sita aliandika mwaka huohuo kuwatetea Wayahudi, akaonyesha kwamba wao pia walikufa kwa tauni ileile. Barua yake haikutosha. Mwezi wa Februari 1349 Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto kwa mamia. Barua mbili zilishindana, na ya uongo ilikuta masikio yaliyokwisha kuitamani.

Bonde la Tana nalo limeonja ubaya huo. Tangu Agosti 2012 hata mwanzo wa 2013 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, juu ya ardhi, maji na malisho, yaliua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Vijiji vilichomwa. Hofu ilifungua mlango kwa uvumi, na uvumi ukaongeza hofu: fulani wanajiandaa, fulani wamepewa silaha, leo usiku watakuja. Baada ya maafa hayo shirika la Sentinel Project la Kanada lilianzisha katika bonde hilo huduma iliyoitwa Una Hakika. Mtu aliyesikia uvumi aliupeleka kwa simu. Watu walioaminiwa vijijini wakachunguza. Kisha jibu likarudishwa kwa walioulizia. Simu ilikuwa mpya, lakini kanuni ilikuwa ya kale. Ni ileile ya mpiga kengele aliyejulikana kwa jina, na ya wazee walioilinda ngadzi isilie pasipo jambo.

Kutokana na haya yote tunaweza kuona kwamba maendeleo ya vyombo hayabadili wajibu wa watu. Jiwe lililotundikwa katika kanisa la Uhabeshi, kengele ya Compostela, ngadzi ya Wapokomo, ngozi iliyoandikwa kwa mkono, Agano la Kipokomo, wimbo wa mama na simu ya mkononi, vyote huuliza maswali yaleyale matatu: Nani amekipiga? Je, anayesikia anakifahamu kwa lugha yake? Na kilipatikana kwa haki au kwa nguvu? Chombo kikijibu vema maswali hayo, kiwe cha mti au cha chuma, kitawajenga watu. Kikishindwa, kitawaangamiza hata kama ni kizuri namna gani.

Kijana asomaye kurasa hizi naye ni mlinzi wa chombo. Kila habari impitiayo huenda mbele au hukoma kwa uamuzi wake. Mto Tana hufurika na kupungua, na mara nyingine huhama katika njia yake. Lakini watu wa kandokando yake wataendelea kuulizana habari, na wataendelea kuihitaji ile iliyo ya kweli. Nayo ngadzi ingali London, mbali na mto uliozoea uvumi wake, ikingoja siku itakaporudishwa kama amana irudishwavyo, mkononi mwa wenyewe.